Paka Alikuja Mwenyewe, Mondo Analazimishwa

Leo historia yetu ni ya paka. Msicheke kwanza, kuna sababu.

Msimu wa mvua uliopita, vijana wa blok yetu walioenda kutafuta kuni walirudi na watoto watatu wa mnyama. Walikuwa na madoa meusi na masikio makubwa. Tukasema ni paka pori tu, tutawafuga watukamatie panya. Kumbe habari zilishafika mbali. Jioni ileile mtu mmoja akapiga simu, anataka kuwanunua wote. Pesa aliyotaja hatuioni hata kwa miezi mingi. Basi tukaanza kubishana.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa mwindaji huko Fizi, akaja kuwatazama kwa tochi. Akasema: "Wanangu, hawa siyo paka. Hawa ni mondo. Mama yao anawatafuta sasa hivi."

Hivi tofauti ni nini? Tukaanza kusoma.

Paka wa nyumbani, hata huyu anayelala kwenye magunia yetu, ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati. Wataalamu wanamwita Felis lybica. Mwaka 2007 watafiti walilinganisha vinasaba vya paka karibu elfu moja kutoka nchi mbalimbali, wakaona paka wote wa nyumbani wanarudi kwa huyo mmoja.

Alifikaje nyumbani? Wataalamu wengi wanaona kwamba hakutegwa wala kufungwa kamba. Watu walipoanza kulima ngano na shayiri walijenga maghala. Nafaka ikavuta panya, panya wakamvuta paka. Yule asiyeogopa watu sana akashiba, akazaa. Mkulima naye akamwacha, maana aliona faida. Kazi hiyo ilichukua maelfu ya miaka.

Kwenye kisiwa cha Kupro wachimbaji walikuta kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Mtu amelazwa, na pembeni yake, sentimita kama 40 tu, amezikwa paka. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Yaani watu walivuka bahari naye kwenye chombo. Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika na vitu vichache mkononi tunajua kwamba mtu hachukui kitu asichokijali.

Kuna paka wa nyumbani wakubwa pia. Jimbo la Maine huko Marekani lina paka anayeitwa Maine Coon. Dume lake linafika kilo 8 au zaidi, wakati paka wetu ana kilo 4 hivi. Ana manyoya marefu yanayomfaa kwenye baridi ya kule. Mwaka 1985 alitangazwa kuwa paka rasmi wa jimbo hilo. Ukubwa wake haukutoka kwa mnyama wa porini. Ni paka yuleyule wa nyumbani.

Lakini watu wengine walitaka zaidi. Mwaka 1986, huko Pennsylvania, mondo dume alizaa na paka jike wa nyumbani. Mtoto wao akaitwa Savannah, na jina hilo likawa la aina nzima. Wa vizazi vya kwanza huuzwa kwa maelfu ya dola, na madume yao kwa kawaida hayazai. Mwaka 2008 Australia ilikataza kuwaingiza nchini, kwa kuogopa wangewamaliza wanyama wadogo wa kule.

Mondo mwenyewe anafika kilo 18. Miguu yake ni mirefu, anasikia panya akitembea ndani ya majani marefu, kisha anaruka juu na kumshukia. Chumba cha plastiki na miti hakimtoshi. Tena hapa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki mnyamapori bila kibali. Mkimbizi akikamatwa naye, nani atamtetea?

Usiku ule mmoja alikufa. Tulikuwa tumempa uji wa unga wa mgao, hatukujua kitu kingine. Alfajiri, mzee akatangulia, tukawarudisha wawili waliobaki palepale walipookotwa. Jioni tulipopita hatukuwakuta. Labda mama yao aliwabeba.

Wapo wenzetu ambao bado wana hasira kuhusu ile pesa, na hatuwalaumu. Njaa tunaijua wote. Ila tunawaomba: ukikuta watoto wa mnyama porini, usiwaguse, mama yuko karibu. Na yule paka wa kawaida anayezurura kwenye blok, msimpige mawe. Mpeni nafasi karibu na magunia, kazi yake anaijua tangu zamani.