CPU Mbili za Mpepai

Mpepai, ukitamka CPU, watu hawafikirii kompyuta. Wanafikiria kahawa. Kwa mkulima wa Mbinga, CPU ni kile kituo cha pamoja ambako cheri nyekundu zinamenywa, zinaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja.

Ndiyo maana nilipomwambia baba mdogo kwamba najaribu kuongeza CPU bila kuzima mashine, alinitazama kwa huruma kidogo. "Hela mtatoa wapi, mwanangu? Na maji?"

Nilikuwa likizo, lakini nilibeba kazi. Nilikuwa naandaa makala kuhusu ofisi zinazohamishia huduma zake kwenye kompyuta, na kila fundi niliyeongea naye alisema sentensi ileile: tunaongeza uwezo bila kuzima. Nikataka kuiona kwa macho yangu.

Nikaweka QEMU kwenye kompyuta yangu. Hii ni programu inayounda mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi. Unapoiwasha unatamka mapema: ianze na prosesa moja, lakini itenge nafasi hadi nne. Usipotenga mwanzoni, baadaye hakuna pa kuchomeka. Ndani yake nikawasha Linux, nikaipa kazi nzito, kisha nikachomeka prosesa ya pili kazi ikiendelea.

Amri ilikubaliwa. Hakuna kosa lolote. Na kasi? Ileile.

Nilipochungulia ndani nikakuta prosesa ya pili ipo kwenye orodha, lakini imelala. Mifumo mingine huiamsha yenyewe. Huu wangu haukufanya hivyo. Ilibidi niandike 1 kwenye faili dogo linaloitwa online, ndipo ikaanza kubeba mzigo. Kuitoa nako kuna adabu yake: wa nje anaomba, wa ndani anahamisha kwanza kazi zilizokuwa juu yake, halafu ndiyo anaiachia.

Hapo nikakumbuka habari ya 1974.

Wengi wetu tumeisikia kama kichekesho: eti serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tunacheka, tunasema wazee waliogopa teknolojia. Lakini tarehe zinasema vingine. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, uhuru ukiwa na miaka minne tu. Miaka hiyohiyo watafiti wa IBM kule Cambridge, Massachusetts, walikuwa wakitengeneza mifumo ya mwanzo kabisa ya mashine pepe. Mwaka 1972 IBM walitangaza VM/370, na wazo hilo likaingia sokoni. Hatukuwa nyuma kwa kuogopa. Sisi tulishachomeka.

Kilichokwama kilikuwa ndani. Hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye kompyuta wakati waliofunzwa ni wachache, mategemeo ni wataalamu wa kutoka nje, na gharama zinalipwa kwa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 70 mfumo ule ulishindwa, na wizara ikarudia mashine za hesabu za zamani. Ndipo likaja katazo. Lilianza kulegezwa miaka ya 80, na sera ya taifa ya TEHAMA tukaipata 2003.

Simtetei aliyekataza. Mimi ni kizazi kilicholipa sehemu ya deni lile: kibodi niligusa kwa mara ya kwanza chuoni, vidole vikitetemeka. Ila naona kosa lilitangulia katazo. Mashine ilinunuliwa, ikafungwa, ikahesabiwa kuwa ipo. Watu wa kuipokea hawakutengewa nafasi mapema. Na iliposhindwa, dawa ikawa kufunga mlango, badala ya kuuliza kwa nini imelala.

Nilimweleza baba mdogo haya yote. Hakuona ajabu.

"Ukileta mashine ya pili ya kumenya," alisema, "vichanja ni vilevile, maji ni yaleyale, wachambuaji ni walewale, umeongeza nini? Umeongeza kahawa ya kuoza."

Kahawa mbivu inataka kumenywa siku ileile iliyochumwa, haingoji kikao. Huduma nayo haingoji. Mama anayefuata cheti cha mtoto akiambiwa "mfumo uko chini" hajali kama kwenye chumba cha mitambo kuna prosesa nne au arobaini.

Nimerudi mjini, naendelea na makala yangu. Lakini orodha ya maswali nimeibadilisha. Zamani nilikuwa nauliza: mmenunua ngapi, kwa bei gani? Sasa naanzia mbali zaidi: nani alifundishwa kuipokea, lini, na bado yupo kazini? Safari hii fundi mmoja alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Nimeiandika hata ile kimya yake.