Kibaha na Kisarawe: Tunavyosemwa na Tulivyo (Sehemu ya 3)



Ukisikia Kibaha kwenye taarifa ya habari, mara nyingi ni ajali: basi limepinduka Barabara ya Morogoro, majeruhi wamekimbizwa Tumbi. Kisarawe nayo ilivuma kwa Tokomeza Zero, kampeni ya aliyekuwa DC, Jokate Mwegelo. Wengine wakakumbuka zero, wakasahau kutokomeza.

Sasa sikia historia. Tumbi haikuanzishwa kwa ajili ya ajali. Mwaka 1963, Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianza mradi na serikali yetu hapa Kibaha: shule ya sekondari, kituo cha wakulima na kituo cha afya. Ujinga, umaskini na maradhi vipigwe kwa pamoja. Mwaka 1970 tukakabidhiwa, likawa Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya ndicho kilichokua kikawa Tumbi, leo hospitali ya rufaa ya mkoa. Na Kisarawe hiyo ya zero ndiko iliko Minaki, shule iliyohamia pale kutoka Zanzibar miaka ya 1920.

Kwa nini nesi anawasimulia haya? Kwa sababu jina baya linamchelewesha mama. Utasikia mjamzito anasema, "Tumbi si ya ajali? Mimi nakwenda Dar." Jamani, uchungu haujui foleni ya Kimara! Ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, wahi kituo cha karibu. Rufaa ikihitajika, watakupa wao.

Habari zinapita barabarani. Sisi ndio tunaishi huku, tuwasimulie wanetu.