Mkono wa Mfanyakazi na Mashine Isiyosimama
Katika viwanda vya pamba vya Uingereza, karne ya 19, injini moja ya mvuke iliendesha mashine za jengo zima kwa mihimili na mikanda. Kuisimamisha kwa ajili ya usafi kulihesabiwa hasara. Hivyo watoto waliingia chini ya mashine kufagia nyuzi pasipo mwendo kukatizwa, na wengine walipoteza vidole. Sheria ya mwaka 1844 iliwakataza watoto, vijana na wanawake kusafisha mihimili na magurudumu yaliyokuwa yakizunguka. Na wanaume wazima je? Katazo hilo halikuwagusa, kana kwamba chuma hutambua umri! Mwaka 1855 wenye viwanda waliunda chama cha kupinga amri ya kuweka vikingio. Jarida la Charles Dickens lilikibandika jina: chama cha kuwararua wafanyakazi.