Kiribatumbo

Wauza nguo wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, humwita mteja mnene "bonge", naye aghalabu huitika. Shangazi akimwona aliyeongezeka mwili husema, "Umenawiri, mwanangu!" Sifa hiyo ina historia. Miaka ile dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijapatikana, aliyekonda alinong'onwa mtaa mzima. Unene ukawa ushahidi wa uzima.

Wataalamu wetu wa lishe wana neno kiribatumbo. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji; ukijazwa, hutuna. Nalipenda, ila linaweza kutudanganya kwamba tatizo linaishia tumboni. Mafuta yakizidi mwilini, insulini huweza kushindwa kufanya kazi yake vizuri na kisukari kikaingia. Shinikizo la damu hupanda, magoti huchakaa, na wengine hukoroma mpaka pumzi inakatika usingizini.

Kujua kama umefika huko, chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Ukipata 30 au zaidi ni kiribatumbo. Kuanzia 40 ni unene uliokithiri. Mwenye urefu wa mita 1.60 huufikia akiwa na kilo 103 hivi.

Hapo kumwambia mtu "acha chipsi mayai" hakutoshi. Mwili unaopungua huongeza njaa ili urudishe kilo zake, na wengi huhitaji daktari. Hospitali ya Mloganzila, kwa mfano, huwawekea baadhi yao puto tumboni. Kumwita mtu huyo mlafi ni kumwonea, na huenda asikanyage tena zahanati kupima sukari.