Wakimbizi wa Maziwa Makuu: Mikataba ipo, mzigo haujagawanywa

KATI ya Aprili 28 na 29, mwaka 1994, katika muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani Ngara, mkoani Kagera. Walikuja kwa miguu, wengi wakiwa na magodoro na masufuria vichwani. Tanzania iliacha mpaka wazi na kuwapokea.

Mlango huo haukubaki wazi kwa muda mrefu. Machi 31, 1995, Serikali ya Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi, na Desemba 1996 iliwataka wakimbizi wa Rwanda wawe wamerejea kwao ifikapo mwisho wa mwezi huo. Nchi iliyokuwa ikisifiwa duniani kwa ukarimu wake ilikuwa imeelemewa, na majirani wengi nao walikuwa na wakimbizi wao.

Matukio hayo yanabeba kiini cha suala la ulinzi wa wakimbizi katika ukanda huu. Nchi moja inaweza kufungua mpaka peke yake. Kuuacha wazi kwa miaka mingi kunahitaji msaada wa nchi nyingine.

Barani Afrika, msingi wa ushirikiano huo uliwekwa Septemba 10, 1969, mjini Addis Ababa, pale Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulipopitisha mkataba wake kuhusu wakimbizi. Mkataba huo ulianza kutumika Juni 1974. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu mwenye hofu ya kuteswa kwa sababu kama vile rangi, dini, utaifa au siasa. Ule wa OAU uliongeza anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa yanayovuruga amani ya nchi yake. Kwa hiyo mkulima anayekimbia mapigano kijijini kwake halazimiki kuthibitisha kuwa yeye binafsi ndiye aliyelengwa.

Mkataba huo unaeleza pia kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, hivyo lisichukuliwe na nchi yoyote kuwa ni uadui. Unakataza kumrudisha mtu mpakani mahali ambapo uhai au uhuru wake umo hatarini, na unataka kurejea nyumbani kuwe kwa hiari. Aidha, wakimbizi wanatakiwa kuwekwa mbali kiasi na mpaka wa nchi waliyoikimbia.

Gharama ya kupuuza sharti hilo la mwisho ilionekana Zaire kati ya 1994 na 1996. Kambi za wakimbizi wa Rwanda ziliachwa karibu na mpaka, huku wenye silaha wakiishi humo pamoja na raia. Kambi hizo ziligeuka ngome, na vita vilivyoanza mwaka 1996 vilizivunja na kuwatawanya waliokuwamo.

Baada ya miaka hiyo, viongozi wa eneo hilo walikutana Dar es Salaam, Novemba 2004, na baadaye Nairobi, ambako Desemba 15, 2006, nchi 11 zilitia saini Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo wa Kanda ya Maziwa Makuu. Mkataba huo ulianza kutumika Juni 2008, na sekretarieti yake iko Bujumbura. Kati ya itifaki zake 10, mbili zinawahusu moja kwa moja watu waliokimbia makwao.

Ya kwanza inawahusu wakimbizi wa ndani. Hawa hawakuvuka mpaka, kwa hiyo mikataba ya wakimbizi haiwagusi. Itifaki inazitaka nchi wanachama zitunge sheria za kuwalinda. Kenya ilionja uchungu wa pengo hilo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, pale ghasia zilipoua watu zaidi ya 1,000 na kuwang'oa mamia ya maelfu kutoka majumbani mwao. Mwaka 2012 ilitunga sheria maalumu kuhusu wakimbizi wa ndani. Mwaka huo huo ulianza kutumika Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika Oktoba 2009, unaowagusa pia wanaohamishwa na majanga ya asili na miradi ya maendeleo.

Itifaki ya pili inahusu mali za wanaorejea, hasa ardhi. Nayo ina sababu yake. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipoanza kurudi baada ya makubaliano ya amani ya Arusha ya mwaka 2000, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, baadhi wakiwa wamegawiwa kihalali na serikali. Mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya kushughulikia migogoro hiyo. Bila shamba, aliyerudi anabaki mkimbizi katika nchi yake mwenyewe.

Wenzao waliobaki Tanzania walipata njia nyingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa ardhi, wakalima na kujitegemea. Mwaka 2010 Tanzania iliridhia uraia kwa takriban 162,000 kati yao, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014.

Lakini swali la mzigo limebaki. Mkataba wa 1969 unaruhusu nchi iliyoelemewa kuziomba nyingine msaada, na unazitaka hizo nyingine zipunguze mzigo huo kwa moyo wa mshikamano. Haukutaja kiasi, muda wala chombo cha kusimamia jambo hilo. Uganda, iliyokuwa imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1, iliitisha mkutano wa wafadhili Juni 2017 ikitafuta dola bilioni 2 za Marekani. Ahadi zilizotolewa hazikufikia hata robo. Januari 2018, Tanzania nayo ilijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwahudumia wakimbizi, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha.

Haki za mkimbizi wa ukanda huu, kuanzia anapofika mpakani hadi anaporudi shambani kwake, zimekwisha kuandikwa. Kisichoandikwa ni nani atalipa, kiasi gani na lini. Kila mzozo unapozuka, jibu la swali hilo hutafutwa upya, wakati watu wameshafika darajani.