Pikipiki inapiga kama bunduki: anza na eshapema mbele ya kugusa karibirateri

Katika miji yetu ya mashariki, mlio wa eshapema hauko kelele tu. Pikipiki ikipiga "paa!" saa mbili ya usiku, ikuwe Goma, Butembo ao Bunia, mama anavuta watoto mbali na dirisha, mwenye butiki anashusha mlango, na askari mwenye kuwa kwenye bariere anashika silaha mbele ya kuuliza. Motari mwenyewe njo yuko karibu zaidi na hiyo hatari, na mara mingi hajui hata sababu gani pikipiki yake inafanya vile. Anakamata turnevisi, anazungusha visi za karibirateri, mlio unapunguka siku mbili, kisha unarudi.

Mara mingi ugonjwa haukuanzia kwenye karibirateri. Ulianzia kwenye eshapema yenye kuvuja. Kazi yote inaweza kufanyika ndani ya parseli, na vyombo vya kawaida, lakini inapashwa kufuata mpangilio: kwanza ziba eshapema, halafu angalia hewa na mafuta yenye kuingia, na mwisho kabisa njo urekebishe karibirateri.

Mlio unatoka wapi

Si mafuta yote inaunguaka ndani ya silenda. Kidogo inatoka pamoja na moshi na kuingia ndani ya bomba la eshapema, lenye kuwa na joto kali. Kama bomba ni zima, hayo mafuta inapita tu na kutokea nyuma. Lakini kama kuna tundu karibu na kichwa cha injini, wakati unaachilia gazi bomba linavuta hewa ya inje kupitia hapo. Hewa mpya, mafuta na joto vinakutana, vinawaka kwa mara moja ndani ya chuma, na wewe unasikia risasi.

Sikiliza vizuri namna inapiga, juu milio haifanane. Ile ya kidogo kidogo, "pa-pa-pa", yenye kuja wakati unashuka mlima na gazi imefungwa, inaonyesha eshapema yenye kuvuja ao mchanganyiko wenye hewa mingi na mafuta kidogo. Mlio mmoja mkubwa wa ghafla, wakati unatembea vizuri, unaonyesha zaidi kwamba moto wa buji ulikatika nukta moja na kurudia: waya imelegea, kofia ya buji imeingia maji, kontakti imechoka. Na kama pikipiki inakohoa kwa upande wa filtri ya hewa, "pfu!", tafuta kwenye karibirateri, kwenye kipira chenye kuiunganisha na injini, ao kwenye supapu.

Kuko pia mlio wa makusudi. Vijana wengine wanakataka kontakti wakati wanatembea, wanafungula gazi, kisha wanarudisha kontakti ili bomba lipasuke. Tunajua wanafurahishana. Lakini mahali kwenye watu walikimbia vita mara mbili ao tatu ndani ya maisha yao, huo mchezo hauna maana, na unaharibu eshapema: vile vikuta vya ndani vyenye kupunguza kelele vinavunjika, na kisha hapo pikipiki inalia sana hata bila mchezo.

Kutafuta na kuziba tundu

Fanya hii kazi inje, muchana. Watu wengi wanaingizaka pikipiki ndani ya nyumba usiku juu ya wezi. Haina ubaya, lakini usiiwashe hapo ndani hata dakika mbili. Moshi wake uko na karboni monoksidi, gazi yenye haina harufu wala rangi, yenye kuua mtu akiwa analala. Eshapema yenye kuvuja karibu na injini inautosha hata chini ya miguu ya dereva.

Pikipiki ikiwa baridi, angalia mahali bomba linaingia kwenye kichwa cha injini. Ukiona masizi meusi yametawanyika pembeni, tundu liko hapo. Kama hauone kitu, changanya maji na sabuni ya kufulia, paka pale na kwenye maungio yote mpaka kwenye silensiye, kisha washa. Mapovu yenye kupuliza itakuonyesha. Fanya haraka mbele bomba halijashika joto. Njia ingine: kunja kitambaa kizito chenye maji, ziba mdomo wa nyuma kwa nukta mbili ao tatu tu. Eshapema nzima inafanya injini itake kuzimika; yenye kuvuja inaendelea, na utasikia "sss" kwenye tundu.

Kama inavuja kwenye kichwa cha injini, pete ya kuzibia yenye kukaa pale ndani imekwisha. Ni kitu kidogo, bei yake haifike hata ya kutengeneza pneu mara chache, na kila mara unatosha eshapema inapashwa kubadilishwa, juu ikisha kukazwa mara moja inabanwa na hairudie umbo lake. Nenda na ya zamani kwa muuzaji wa piese, upimishe. Kurudisha ile ya zamani na kukaza kwa nguvu zaidi njo sababu kubwa ya pikipiki kurudi kuvuja kisha wiki moja.

Namna ya kufungula: mwagia ekru mbili za mbele mafuta ya kulainisha, uache usiku mzima kama ziko na kutu. Zikikataa usilazimishe. Chuma chenye kubeba ekru kikivunjikia ndani ya kichwa cha injini, kazi ya dakika makumi mbili inageuka kazi ya siku mbili na ya pesa mingi. Wakati wa kurudisha, legeza pia bulo ya nyuma yenye kubeba silensiye, ili bomba likae lenyewe bila kuvutwa. Kaza ekru za mbele kidogo huku, kidogo kule, mpaka zishike sawasawa. Ya nyuma inafuata. Wengi wanaanzaka nyuma. Bomba linakaa upande, na pete mpya inaungua mbele ya mwezi kuisha.

Kama bomba lenyewe limetoboka kwa kutu ao limepasuka, kipande cha mkebe wa tomati na kolye mbili kitakusaidia kufika nyumbani, si zaidi. Litoshe kabisa kwenye pikipiki mbele ya kupeleka kwa mwenye kusude. Kusude ikiwa ingali juu ya pikipiki, na batri imefungwa, kunaweza kuunguza vyombo vya umeme.

Hewa na mafuta

Sasa washa na usikilize. Mara mingi mlio umekwisha hapa, na hauna lazima ya kuendelea. Kama ungali, angalia kile kipira chenye kuunganisha karibirateri na injini. Kikipasuka, hewa inaingia bila kupimwa. Injini ikiwa inazunguka polepole, paka maji ya sabuni juu yake: sauti ya injini ikibadilika, kinavuja. Wafundi wengine wanamwagiaka esanse pale ili kupima. Tusifanye vile, eshapema yenye joto iko kandokando tu.

Filtri ya hewa, kwa vumbi la barabara zetu na ule mchanga mweusi wa volkano kule Goma, inafunganaka haraka. Ile ya sponji isafishe na maji na sabuni, ikauke, upake mafuta kidogo ya injini na kuikamua. Ile ya karatasi, ipige polepole na kuipuliza kutokea ndani. Kuitosha kabisa ili "pikipiki ipumue" ni kosa: hewa inazidi, mlio unaongezeka, na vumbi linakula silenda.

Tosha buji pia. Mdomo wake ukiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, mchanganyiko uko muzuri. Mweusi wa masizi, mafuta inazidi. Mweupe, hewa inazidi. Nafasi kati ya vile vyuma viwili, kwa pikipiki nyingi za 100 mpaka 150, ni karibu milimetre 0,6 mpaka 0,8. Bapa la msumeno wa chuma linapita pale bila kulegea sana.

Halafu mafuta yenyewe. Esanse ya Kadafi, ile ya chupa kandokando ya barabara, inatusaidia wote, lakini mara ingine iko na maji ao petroli. Iache chupani dakika chache: maji inashuka chini, inaonekana. Kwa petroli, weka tone kwenye kiganja. Esanse safi inakauka haraka na kuacha baridi. Yenye kuchanganywa inabakiza utelezi.

Karibirateri

Funga robine. Hakuna sigara, hakuna mbabula karibu. Fungula visi ya chini ya karibirateri, tosha mafuta yenye kuwa ndani ya bakuli lake kwenye chupa nyeupe. Ukiona maji ao mchanga, usipoteze nguvu kwa kurekebisha: safisha kwanza. Gikleri ndogo, ile ya ralanti, iko na tundu dogo sana, na chembe moja ya uchafu inatosha kuleta "pa-pa-pa" ya mashuko. Isafishe na esanse na upulize na pompe ya kinga. Usiingize waya ya chuma, inapanua tundu na hautaweza kulirudisha.

Karibirateri iko na visi mbili zenye kutuhusu. Moja kubwa, yenye ressori, inapandisha na kushusha ralanti. Ingine ndogo inapima mchanganyiko. Hapa njo watu wanapotea, juu kuna aina mbili. Kama hiyo ndogo iko upande wa injini, inapima mafuta: ukiifungula, mafuta inaongezeka. Kama iko upande wa filtri, inapima hewa: ukiifungula, mafuta inapunguka. Pikipiki nyingi za temps ine, kama TVS na Boxer za kazi, ziko na ya kwanza. Ile Yamaha AG 100 ya zamani, ya temps mbili, iko na ya pili.

Tembeza pikipiki dakika kumi ishike joto, na hakikisha starteri imerudi. Funga visi ndogo polepole, ukihesabu mizunguko, mpaka iguse. Usiikaze, ncha yake inavunjika. Andika ile hesabu. Kama ukipotea, utarudia hapo. Fungula mzunguko mmoja na nusu. Washa, kisha zungusha robo moja kwa mara moja, ungoje nukta kumi, usikilize. Tafuta mahali injini inazunguka haraka zaidi na bila kutetemeka. Ukipapata, shusha ralanti na visi kubwa, rudia tena robo huku na huku. Pikipiki yenye kupima mafuta ikiendelea kupiga wakati wa kushuka, ongeza robo moja tu. Kama unafika mizunguko tatu na haibadilike, gikleri ni chafu ao hewa inaingia pahali ingine.

Kwa wenye kusafiri, milima inaingia pia ndani ya hii hesabu. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, Uvira karibu 800. Hewa ya Uvira ni nzito zaidi, karibu asilimia 7. Pikipiki yenye ilirekebishwa muzuri kabisa Bukavu, ikishuka Ngomo mpaka Kamanyola na kuendelea Uvira, inakuwa na hewa mingi kupita mafuta, na inaanza kupiga. Aliyerekebishiwa Uvira akipanda, ataona moshi mweusi na mafuta kuisha haraka. Kama unafanya hiyo njia kila wiki, rekebisha katikati, robo moja upande wa mafuta, na usibadilishe gikleri kubwa.

Na kama eshapema imezibwa, kipira ni kizima, buji na mafuta ni safi, karibirateri imesafishwa, na bado inapiga, acha visi. Itakuwa supapu yenye kukazwa zaidi ao umeme wa buji, na hapo inahitaji fundi mwenye vyombo vya kupimia. Mwambie yote yenye umekwisha kufanya, asianze tena kwa karibirateri. Majaribio yafanyie muchana, mbali na kambi na bariere, na upashe majirani habari mbele ya kuwasha.