NOTA KWA WASIOONA: KUTOKA NUKTA NUNDU HADI KOMPYUTA

Utangulizi

Tangu zamani watu wasioona wamekuwa na nafasi katika uimbaji wa Kanisa, wengine wakiwa waimbaji na wengine wapiga kinanda. Hata hivyo, nafasi hiyo ilikuwa na mpaka. Asiyeona aliweza kujifunza wimbo kwa kuusikia, lakini alipotaka kuusoma mwenyewe, au kuuandika wimbo alioutunga, alihitaji macho ya mtu mwingine. Historia ifuatayo yaeleza jinsi mpaka huo ulivyosogezwa hatua kwa hatua, na wajibu uliobaki mikononi mwa sharika na kwaya zake.

Nukta sita za Louis Braille

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Akiwa na umri wa miaka mitatu alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, na ugonjwa uliofuata ukayaharibu macho yote mawili. Mwaka 1819 alipelekwa Paris katika shule ya vijana wasioona. Mwaka 1829 alitoa kitabu kinachoeleza maandishi ya nukta nundu, na jina lenyewe la kitabu hicho lilitaja maneno, muziki na nyimbo za kale za Kanisa. Wala hilo si ajabu, kwa kuwa Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda katika makanisa ya Paris.

Nota za nukta nundu hazina mistari mitano. Kila alama ina nafasi sita za nukta: nne za juu huonyesha jina la nota, na mbili za chini huonyesha urefu wake. Kidole kimoja hupokea sauti na muda kwa pamoja. Ugumu wake ni kwamba mpiga kinanda husoma kwa vidole vilevile anavyopigia. Imempasa asome baa chache, azikariri, ndipo apige.

Helmut Walcha na sauti moja moja

Miongoni mwa Walutheri wa Ujerumani, mfano unaokumbukwa sana ni Helmut Walcha, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1907 na kupoteza uwezo wa kuona akiwa kijana. Baadaye alihudumu kwa miaka mingi katika Dreikönigskirche, Frankfurt. Walcha alijifunza kazi za Johann Sebastian Bach kwa msaada wa mama yake, na baadaye mke wake. Msaidizi alimpigia sauti moja peke yake, kisha ya pili, kisha ya tatu, naye akaziunganisha zote akilini mwake. Kwa njia hiyo alirekodi kazi za kinanda za Bach mara mbili, zote kwa kukariri. Alifariki mwaka 1991. Ushindi wake ulikuwa mkubwa, lakini kila ukurasa ulipita kwanza katika macho ya mtu mwingine.

Kuja kwa kompyuta

Mwaka 1989 ilitolewa programu iitwayo JAWS, ambayo husoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Mwanzilishi wake, Ted Henter wa Marekani, alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Mwaka 1992 mwanamuziki asiyeona, Bill McCann, alianzisha huko Marekani kampuni ya Dancing Dots. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilitoa GOODFEEL, programu inayogeuza nota za kawaida kuwa nukta nundu.

Zana hizo zilikuwa za kununua, na bei yake iliwazuia wengi. Mlango ulifunguka zaidi mwaka 2006, pale Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, alipoanza kutengeneza NVDA, programu ya kusoma kioo inayotolewa bure. Mwaka 2015 programu ya kuandika nota iitwayo MuseScore, ambayo nayo ni ya bure, ilitoa toleo la pili lililoweza kutumika pamoja na NVDA.

Mwandishi asiyeona hahitaji kipanya. Hubonyeza tarakimu kuchagua urefu wa nota, kisha herufi kuanzia A hadi G kuchagua nota yenyewe. Kwa mishale husogea kutoka nota hadi nota, na kompyuta humtamkia jina la nota, urefu wake, baa na pigo. Akikosea husikia kosa lake papo hapo na kulisahihisha. Maneno huyaandika silabi kwa silabi chini ya nota, na akimaliza huchapa ukurasa uleule atakaousoma mwalimu wa kwaya anayeona.

Mipaka iliyobaki

Isidhaniwe kwamba taabu imekwisha. Anayeona hutazama sauti nne kwa mara moja. Asiyeona huzisikia moja baada ya nyingine, kama Walcha alivyofanya. Tena hawezi kujua kwa urahisi kama maneno yamebanana katika karatasi, hivyo jicho la mwenzake bado lina kazi.

Kikwazo kikubwa zaidi hutoka kwa wanaoona. Karatasi ya nota ikipigwa picha na kutumwa kama picha, programu ya kusoma kioo haioni nota hata moja ndani yake. Vivyo hivyo tonik solfa, ambayo kwaya nyingi za Tanzania huitumia: ikiwa imechapwa kwa herufi katika kompyuta, herufi zake husomeka; ikiwa picha, ni bubu.

Hitimisho

Katika Shule ya Wasioona Irente, Lushoto, iliyo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, watoto hufundishwa kusoma nukta nundu. Wanaotoka katika shule za namna hiyo huingia sharikani na kusimama katika kwaya. Usharika unaokusanya nyimbo zake za miaka mia na kuzihifadhi kama picha tu utakuwa umeyahifadhi kwa wanaoona peke yao. Ukiziandika upya kwa nota au herufi ndani ya kompyuta, mwimbaji asiyeona ataweza kuusoma urithi huo mwenyewe, na kuongeza wimbo wake kwa mkono wake.